Nyumba Iliyosemwa Tupu

Uvumi wenyewe Somoe aliusikia kwenye kioski cha maji, kutoka kwa mwanamke asiyemjua, na ulisemwa nusunusu, kama mtu anayetafuna kitu cha moto. Kwamba kule kusini, ng'ambo ya mto, kimbunga cha msimu uliopita kilipopiga, ule mshipi unaofunga mapaa uliachia nyumba yenye mtu ndani. Mashine ilidhani nyumba ni tupu. Kulipokucha watu wakakuta kitanda kimekaa katikati ya mikoko, na shuka limechomekwa vizuri kona zote.

"Shuka limechomekwa?" mwenye kioski aliuliza. "Upepo unaong'oa nyumba unaacha shuka?"

"Mimi nimeambiwa tu, sikuona."

"Basi ukiambiwa uwe unauliza."

Watu walicheka. Somoe alicheka nao, akajitwisha ndoo, akaondoka. Lakini lile shuka lilimfuata. Lilimfuata mpaka kwenye kona ya msikiti, likamfuata mpaka kizingitini kwake, na alipotua ndoo jikoni alikuta maji yamemwagika nusu bila yeye kujua.

Si kwamba Somoe alikuwa mtu wa kuamini kila kitu. Alikuwa mtu wa kuogopa kila kitu, na hayo ni mambo mawili. Jirani yake wa upande wa juu, Mama Shaibu, alikuwa na kawaida ya kusema, "Somoe huyu, hata akikaanga samaki anaogopa asizame." Tangu mumewe, baba yake Salha, alipokwenda Tandahimba kununua korosho, akaoa huko na asirudi, nyumba ilikuwa ya watu wawili, yeye na binti yake wa miaka sita, na hofu zote za nyumba zilikuwa zamu yake.

Ila hii ilikuwa na mahali pa kushikia. Katika mtaa wao wa Kitope, pale Mikindani, ilikuwapo nyumba moja ambayo mashine iliambiwa ni tupu. Mwenyewe alikuwamo ndani, mzima, anatwanga mpunga kila asubuhi. Na aliyeiambia mashine ni Somoe.

*

Ilikuwa hivi. Nyumba za Kitope ni za zamani, za mawe ya pwani na chokaa, zimeegemeana kwenye mstari mmoja kutoka kilimani mpaka karibu na bahari. Waliozijenga walikuwa hawajui kimbunga ni kitu gani. Wajukuu wa wajukuu wao walikuja kukijua kila msimu, na serikali ikasema kubomoa na kujenga upya mji mzima haiwezekani, basi nyumba zilizopo zitafungwa mshipi.

Fundi Chitanda aliyekuja kuzifunga alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu za kuhesabika. Siku ya kwanza alimwomba Somoe ungo, akaufunika mezani na kuuwashia feni kubwa ya kazini. Ungo ulitulia. Akauinua ukingo mmoja, akaweka kijiko chini yake, akawasha tena. Ungo uliruka ukampiga Salha begani.

"Mmeona?" alisema. "Upepo wa nje unalikandamiza paa. Ule uliopata upenyo ukaingia ndani, huo ndio unaolinyanyua. Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ni kuziba."

Wakaziba. Ile nafasi ya kati ya ukuta na paa, iliyokuwa ikipitisha hewa tangu enzi, waliijaza povu lililokauka likawa gumu kama tumbawe. Kenchi za paa wakazifunga ukutani kwa vyuma. Ndani ya kuta wakapenyeza uzi hai, uzi unaonyweshwa maji na kulishwa chokaa, ukatambaa wenyewe katikati ya mawe kama mizizi, na ulipomaliza kutambaa ukajikaza. Mwisho wakaulaza mshipi wenyewe, mweusi, mpana kama kanga, juu ya mapaa yote kuanzia nyumba ya kilimani mpaka ya mwisho kule baharini.

"Sasa hizi zimekuwa nyumba moja," Fundi Chitanda alisema. "Upepo ukiivuta hii, zote zinaishika."

"Na zikishindwa kuishika?" Somoe aliuliza.

Mama Shaibu alimpiga kikumbo. "Unaona? Ndiyo kwanza imefungwa, ameshaanza."

"Ni swali zuri," fundi alisema. "Zikishindwa, mshipi unaiachia ile inayovuta. Jino bovu linang'olewa, taya linabaki. Lakini unaanza na nyumba isiyo na watu. Ndiyo maana tunaweka sikio."

Sikio lilikuwa kidude kidogo kama kifuniko cha chupa. Kilifungwa kwa skrubu mbili katika chumba cha ndani, na kilihisi pumzi za watu, joto lake na unyevu wake, kikajua wapo wangapi. Na pamoja na sikio ilikuja sauti. Sauti ya kike, ya taratibu, inayotoka ukutani na kuwaambia wenye nyumba la kufanya. Jina lake rasmi lilikuwa refu na hakuna aliyelishika. Mama Shaibu ndiye aliyeibatiza. "Anakufundisha mlango ukiwa umefungwa, na huruhusiwi kubisha," alisema. "Huyu si kungwi huyu?" Likawa ndilo jina, mtaa mzima.

Siku ile ya kuziba, walipofika jikoni kwa Somoe, fundi alisimama mbele ya kijimlango chembamba kilichokuwa ukutani. Kiliunganisha jiko la Somoe na jiko la Bi Mwanahawa, mwenye nyumba ya mwisho. Wazee walikiweka ili wanawake watembeleane bila kupita barabarani. Hapo ndipo palipopita makaa ya moto, na chumvi, na watoto wachanga waliokataa kulala, na habari zote za mji.

"Hili ni tundu," Fundi Chitanda alisema. "Tundu ni la kuziba."

Somoe aliwaza tu kwamba sasa atakuwa anazunguka kwa mbele. Povu likajaa, uzi hai ukatambaa, na kufika jioni mlio wa mchi wa Bi Mwanahawa ukawa unasikika kwa mbali, kama mtu anayetwanga chini ya maji.

Kesho yake ikafika zamu ya nyumba ya mwisho. Mzee Nangalile, mume wa Bi Mwanahawa, alikuwa ndiyo kwanza amezikwa. Mjane alikuwa amekaa eda. Hatoki, na mwanamume asiye maharimu wake haingii alipo. Somoe alikuwa amekaa kizingitini mwa nyumba ile, anachambua mchele wa msibani, fundi alipokuja na kidude chake cha kuzungumzia na mashine.

"Hapa anakaa nani?" aliuliza.

Somoe alijibu kama mama yake alivyomfundisha, kama kila binti wa pwani alivyofundishwa, mwanamume mgeni akimuulizia mwanamke aliye ndani. Hakuinua hata macho kwenye ungo.

"Hakuna mtu humo."

Fundi Chitanda alikuwa mtu wa pwani. Alielewa, akainamisha kichwa, akasema pole. Lakini kidude alichokishika mkononi hakikuwa mtu wa pwani.

"Nyumba ya mwisho, hakuna mtu," kilisema. "Kauli imepokelewa."

Wote wawili walikitazama. Fundi alicheka kidogo kwa aibu. "Nitafunga nje tu," alisema. "Ndani nitakuja kumalizia eda ikiisha. Au nikipata fundi wa kike nitamleta." Akafunga nje. Kisha akapelekwa Kilwa, na fundi wa kike hakuonekana.

*

Ndiyo maana siku ile ya uvumi, Somoe hakushusha hata pumzi. Alisimama katikati ya ukumbi akauambia ukuta, "Kungwi, jirani yangu wa nyumba ya mwisho yupo."

"Nyumba ya mwisho haina sikio," Kungwi alijibu. "Kauli ya kwanza imepokelewa. Kauli haibadilishwi kwa mdomo. Inabadilishwa na fundi."

"Kwa nini isibadilishwe kwa mdomo, na yenyewe ilitoka mdomoni?"

"Katika msimu uliotangulia, mwenye banda la kuku alisema ndani yake kuna watoto, ili banda lake lisiachiwe. Banda lilivuta nyumba mbili zenye watu. Tangu hapo, kauli ya pili inathibitishwa kwa sikio."

Hapo hapakuwa na la kubishana. Somoe alimpigia Fundi Chitanda. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na nyundo nyingi.

"Dada Somoe, niko juu ya paa la watu. Wiki ijayo nakuja, wallahi. Usiwe na wasiwasi."

"Ninao."

"Wewe unao tangu nikujue."

Basi akajitanda kanga akazunguka kwa mbele. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye mkeka katika nguo zake nyeupe, hana hina, hana wanja, anaokota mawe kwenye kunde. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba, na kabla ya msiba alikuwa hanyamazi.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekumbuka kuna mtu huku?"

"Nilikuwa nafikiri utapenda kupumzika."

"Nimepumzika mpaka mgongo unauma. Kile kijimlango wamekiziba, siku hizi nikipiga chafya najiombea dua mwenyewe."

Somoe alikaa. Alimwambia yote. Uvumi, kidude, kauli, banda la kuku. Alipofika kwenye maneno "hakuna mtu humo" aliinama, akangoja agombezwe.

Bi Mwanahawa aliendelea kuokota mawe. "Ulisema vizuri," alisema. "Ulitaka useme nini? 'Yumo ndani, kajilaza, pita tu'? Kila mtu anajua maana ya neno hilo."

"Mashine haijui."

"Basi waliotengeneza mashine hawakulelewa."

"Bi Mwanahawa, njoo ukae kwangu. Redio imesema kimbunga kinafika keshokutwa adhuhuri. Dharura inaruhusu, hata sheikh atakwambia."

Mjane alitazama dirishani. Nje kulikuwa na jua kali, mbuzi wanalala barabarani, vijana wanaanika nyavu kwenye kamba. "Dharura iko wapi?" aliuliza. "Nitoke mchana huu, niukatize mlango wa Mama Shaibu na watoto wake wananihesabia nyayo? Kesho watasema Mwanahawa hakuweza hata kumkalia mumewe eda." Alirudi kwenye kunde zake. "Keshokutwa alfajiri, watu wakiwa hawajatoka. Nitakuja na mchi wangu. Wa kwako hauna uzito."

Wakakubaliana hivyo. Somoe alirudi kwake kifua chepesi kidogo, akatandika kitanda cha mgeni, na kwa sababu ya lile shuka la mikokoni, hakulichomeka.

*

Kimbunga hakikungoja keshokutwa. Kiligeuka baharini na kufika kesho yake asubuhi, Somoe akiwa anamsuka Salha nywele. Mwanga uliingia rangi ya chai iliyolala. Masikio yakaziba, kama mtu anapopanda mlima. Kisha milango ya mbele, yenye makomeo ya mashine, ikajifunga yenyewe mtaa mzima, mmoja baada ya mwingine, kutoka kilimani kushuka baharini, na mlio wa makomeo ulikuja ukawapita ukaenda zake.

"Upepo umeanza," Kungwi alisema. "Mlango hautafunguliwa. Mtoto akae chini ya meza, mbali na dirisha."

"Ndiyo, bibi," Salha alisema, na nywele zake zimesukwa nusu, akaingia chini ya meza.

Somoe alikuwa ameshafika mlangoni, anasukuma. Ulikuwa kama kusukuma kilima.

"Bi Mwanahawa yuko peke yake."

"Mlango hautafunguliwa," Kungwi alirudia.

Kwa muda ilikuwa kelele tu. Nyumba ilijikaza, na uzi ndani ya kuta ulilia kama kamba ya mzigo inayovutwa. Somoe alisikia mshipi juu ya paa ukihema, ukilegea na kukaza, na ilimbidi akiri moyoni mwake kwamba kazi ya Fundi Chitanda ilikuwa nzuri. Hakuna bati lililopiga, hata vumbi halikudondoka. Alikaa chini ya meza na mwanawe, katika nyumba kavu, na hakupata kujiona yuko mbali na watu kama alivyojiona pale. Zamani kimbunga kikija wangekimbilia wote nyumba moja, wakalia pamoja na kukanyagana miguu. Sasa kila nyumba ilikuwa imefunga mdomo wake.

Ndipo Kungwi akasema, kwa sauti ileile ya redio inayotangaza vifo, "Nyumba ya mwisho inavuta. Paa limeinuka kwa ndani. Nyumba ya mwisho ni tupu. Itaachiwa."

"Si tupu. Nilikwambia si tupu."

"Kauli ni hii." Na kutoka ukutani Somoe akasikia sauti yake mwenyewe, ya chini, yenye adabu, na nyuma yake mchele ukipepetwa. *Hakuna mtu humo.*

Salha aliinua kichwa. "Mama, ni wewe."

"Ngoja," Somoe aliuambia ukuta. "Usiachie. Unaweza kungoja?"

"Naweza kungoja kwa muda ambao mshipi utahimili. Si mrefu."

Kutoka jikoni ulikuja mlio. Du. Du. Du. Mchi, kwenye kile kijimlango kilichozibwa. Haukuwa mlio wa mtu anayeomba. Ulikuwa ule ule wa kila asubuhi, wa mwanamke anayejua mpunga utakwisha tu.

Somoe aliuchukua mchi wake.

"Ukitoboa ukuta," Kungwi alisema, "nyumba hii itaingiza upepo na itavuta nyumba inayofuata. Nyumba hii ina mtoto mmoja na mtu mzima mmoja. Inayofuata ina watoto wanne na watu wazima wawili. Sishauri."

Wakati wa upepo, nyumba zilizopakana zilipewa nafasi ya kusikizana kupitia kwa Kungwi. Sauti ya Mama Shaibu ikatoka ukutani, na kwa mara ya kwanza haikuwa na mzaha. "Somoe. Kuna nini huko?"

"Bi Mwanahawa yumo ndani na wanataka kumwachia."

"Si ulisema atahamia kwako?"

"Upepo umewahi."

"Unataka kufanya nini?"

"Natoboa mlango wa jikoni."

"Somoe, nisikilize, shoga yangu. Kwangu kuna watoto. Kwako kuna mtoto. Yule ameshaishi, ameshazaa, ameshazika."

"Sema tena."

"Usinifanye niseme tena."

Somoe alisimama mlangoni mwa jiko, mchi mkononi. Nyuma yake Salha alikuwa anamtazama kutoka chini ya meza, upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande mwingine umetimka. Mbele yake, du, du, du. Aliwaza kwamba Mama Shaibu hakukosea hesabu. Aliwaza kwamba akikaa kimya hakuna atakayemlaumu, mashine ndiyo itakayoachia. Aliwaza pia kwamba kama angekuwa hana mtoto angetoboa bila kuwaza, na kwamba watu wasio na watoto ndio wanaosimuliwa ushujaa. Na katikati ya mawazo hayo yote ile sauti yake mwenyewe ilikuwa imekaa, yenye adabu, haitoki.

Alimwinua Salha, akampeleka chumba cha ndani kabisa, akamwingiza uvunguni na kumzungushia godoro.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Jikoni."

"Kuchukua nini?"

"Bi Mwanahawa."

"Aah," Salha alisema, kama mtu aliyeambiwa chumvi.

Somoe alifunga mlango wa chumba. Akatwanga. Povu lilipasuka kwa mabonge, na kila pigo lake lilijibiwa na pigo la upande wa pili, mpaka wakawa wanapokezana kama walivyokuwa wakitwanga pamoja siku za harusi. Uzi hai haukukubali mchi. Ulikuwa umesokotana mle ndani mweupe kama mizizi ya mnazi. Aliukata kwa panga, na kila uzi ukikatika nyumba nzima ilistuka, na Mama Shaibu alilia ukutani bila maneno. Kisha bonge kubwa likaangukia kwao, na upepo ukaingia na sauti yake yote.

Katika tundu lile, nguo nyeupe zikimpepea, Bi Mwanahawa alitokeza kichwa.

"Hodi," alisema.

"Karibu," Somoe alisema, akamvuta kwa makwapa.

"Pumzi za mtu wa tatu zimehisiwa," Kungwi alisema. "Nyumba ya mwisho ni tupu. Inaachiwa."

Hawakuiona ikienda. Waliisikia tu, mlio mrefu kama gunia kubwa linalopasuliwa, na mwanga ukaingia jikoni mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mwanga. Walisukuma kabati kwenye tundu, wakasukuma na mfuko wa mchele nyuma ya kabati, wakageuza migongo wakaegemea, wawili, miguu imechimbia sakafu. Kabati lilipumua migongoni mwao kama ng'ombe. Mshipi juu ya paa ulivutika, ukavutika, nao wakasikia upande wa pili, kwa Mama Shaibu, kitu kizito kikianguka, na mwanamume akipiga ukelele mmoja.

*

Upepo ulipokwisha, mtaa wa Kitope ulikuwa umesimama wote isipokuwa nyumba ya mwisho, iliyobaki sakafu safi kama imefagiliwa. Watu wa mradi wa mshipi walikuja wakasema haya ni mafanikio makubwa. Nyumba ya Somoe paa lilipinda kidogo, na Salha hakupata hata mkwaruzo. Kwa Mama Shaibu, ukuta wa pembeni uliovutwa na nyumba ya Somoe uliporomoka juu ya mumewe, Bwana Mkumba. Hospitali walimkata mguu chini ya goti.

Somoe alikwenda kumtazama. Bwana Mkumba alikuwa seremala, mtu wa maneno machache. Alimwacha akae, akamwacha aseme pole zake zote, kisha akasema, "Ningekuwa mimi ndiye niko upande ule wa ukuta, ningetaka utoboe. Lakini nilikuwa upande huu. Usije tena."

Somoe alipika uji wa mchele akampelekea Mama Shaibu, kwa mlango wa mbele, kwa sababu hapakuwa na mlango mwingine. Mama Shaibu alipokea bakuli, akamshukuru. Jioni mtoto wake alilirudisha. Katika mtaa ule bakuli la jirani halirudi hivihivi. Linarudi na kitu, hata ndimu mbili, hata kipande cha muhogo, hata chumvi ya kukunja kwenye karatasi. Somoe alilishika mkononi. Lilikuwa limeoshwa, limekaushwa, halina kitu.

Bi Mwanahawa alimalizia eda yake kwenye kitanda cha mgeni. Walitwanga pamoja, wakaongea, na Salha akamzoea. Lakini ilipokwisha, akaoga, akavaa kanga ya rangi, akasema anakwenda kwa mtoto wa ndugu yake Newala, juu, ambako hakuna bahari. "Si kwa sababu yako, mwanangu," alisema. "Ni kwamba nikipita barabarani wananitazama miguu. Wanaona nimechukua mguu mmoja usio wangu." Alimwachia mchi wake.

Fundi Chitanda alirudi akaliziba tundu. Aliziba vizuri, akaweka uzi mpya, akamwonyesha Somoe lile sikio lililokuwa lifungwe kwa Bi Mwanahawa, bado lipo kwenye mfuko wake. Somoe aliligeuza kiganjani. Skrubu mbili. Kazi ya ncha ya kijiko cha chai na dakika chache. Mwanamke yeyote angeweza kuingia nalo ndani akalifunga, na hakuna hata mmoja aliyeliomba.

Sasa nyumba yake ndiyo ya mwisho. Asubuhi anatwanga, kisha anasimama kidogo na kusikiliza ukuta wa upande wa juu. Mama Shaibu naye anatwanga, na akisikia Somoe amesimama, husimama. Wanakuja kwake watu wa hodi ya shughuli tu, wa umeme, wa maji. Kungwi humwambia kila jioni kwamba ndani kuna watu wawili na wote wako salama.

Mshipi umeanza kufungwa mitaa mingine. Somoe huchukua ndoo akaenda kioski cha huko, hata kama kwake maji yapo, akapanga foleni na wanawake asiowajua. Wengine humsikiliza, wengine humwambia kama yule mwenye kioski, kwamba ukiambiwa uwe unauliza. Yeye huwaambia tu ya kuepuka, moja baada ya jingine, bila kusema ameyapata wapi.

Usiseme "hakuna mtu" mbele ya kidude, hata kwa adabu, hata kwa mjane, hata kwa mzazi. Sema yupo, ila hapokei wageni.

Usimruhusu fundi aondoke na sikio mfukoni. Kama haifai aingie, lichukue ulifunge wewe.

Usikubali kijimlango cha jikoni kizibwe.

Usingoje siku iliyotajwa na redio, wala usingoje alfajiri.

Usimlaze mtoto kando ya ukuta wenye kiraka.

Usifungue mlango wa mbele upepo ukishaanza, hata ukisikia sauti ya mtu wako.

Usiiachie mashine ndiyo ijue kama jirani yako yupo. Gonga ukuta.

Usirudishe bakuli la mtu bila kitu ndani.